Somo la Robo Hii: Kuupima Moyo Bila Kumjeruhi Mgonjwa



Kamati za parokia huombwa mara kwa mara kuisaidia zahanati kupata kifaa cha kupimia moyo. Wafadhili nao huuliza: je, kifaa chenye usikivu mkubwa zaidi ndicho bora zaidi? Tujifunze kwanza, ndipo tuamue.

Umeme wa moyo

Kila unapopiga, moyo hutoa umeme mdogo sana. Mashine ya ECG huupokea kupitia vibandiko vinavyowekwa juu ya ngozi, bila kukata wala kuchoma. Willem Einthoven wa Uholanzi alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1924 kwa kazi hiyo.

Sumaku ya moyo

Penye mkondo wa umeme pana pia sumaku. Ile ya moyo ni dhaifu mno: sumaku ya dunia, inayogeuza sindano ya dira, huizidi takriban mara milioni moja. Mwaka 1963 Gerhard Baule na Richard McFee, huko Syracuse, Marekani, waliipima kwa mara ya kwanza. Mwaka 1970 David Cohen na wenzake walitoa matokeo yaliyo wazi zaidi. Walitumia kihisi kilichopozwa kwa heliamu ya kimiminika hadi nyuzi 269 chini ya sifuri, ndani ya chumba kilichokingwa dhidi ya sumaku za nje.

Faida yake huonekana kwa mtoto aliye tumboni. Karibu na mwezi wa saba, utando mweupe wa mafuta hufunika ngozi yake na kuzuia umeme wa moyo usitoke vizuri. Sumaku hupenya. Hivyo daktari anaweza kutambua mapigo yasiyo ya kawaida kabla mtoto hajazaliwa.

Usikivu una gharama

Kihisi kinachosikia mnong'ono husikia pia kelele: gari linalopita, lifti, nyaya za umeme. Leo vipo vihisi vya mvuke wa rubidi na mwanga wa leza, visivyohitaji heliamu, lakini kwa kawaida navyo hukingwa. Mahali pake ni hospitali kubwa na vituo vya utafiti. Kwa zahanati, ECG ndogo inafaa zaidi, mradi yupo wa kuisoma. Kipimo huonyesha tatizo, hakilitibu.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Nani atasoma majibu? Akihamishwa, nani atashika nafasi yake?
2. Vibandiko, karatasi na betri vitanunuliwa kwa fungu gani mwaka wa pili?
3. Mgonjwa akikutwa na tatizo, atapelekwa hospitali ipi, kwa usafiri gani, na nani atalipa?

Kamati iliyokwisha kuyajibu maswali haya iko tayari kuandika ombi. Mfadhili naye asione haya kuyauliza kabla ya kutoa, kwa maana mashine iliyofungiwa kabatini haijamsaidia mgonjwa hata mmoja.