Faida Isiyo Fedha, Hasara Isiyo Fedha: Jinsi ya Kusoma Hesabu za Kampuni za Nyumba za Kupanga

Katika mwaka 2023 kampuni ya Vonovia ya mjini Bochum, Ujerumani, ambayo humiliki zaidi ya nyumba laki tano za kupanga, ilitangaza hasara ya takriban euro bilioni 6.8. Katika taarifa hiyo hiyo ya mwaka, kampuni ilionyesha kwamba shughuli zake za kawaida, baada ya kulipia gharama na riba, zilileta takriban euro bilioni 1.8. Wapangaji waliendelea kulipa, na nyumba karibu zote zilikuwa na watu. Je, tarakimu ipi ndiyo ya kweli?

Jibu ni kwamba zote mbili ni za kweli, ila hazipimi kitu kimoja. Madhumuni ya makala haya ni kueleza tofauti hiyo, na kuonyesha kwa nini kampuni za nyumba zinazouza hisa zake sokoni zimewekewa vipimo vya pamoja vya kutolea taarifa. Jambo hili haliwahusu wahasibu peke yao. Mifuko ya pensheni huweka akiba za wafanyakazi katika hisa za namna hii, na mamia ya maelfu ya watu huishi katika nyumba hizo.

Neno moja kabla ya kuanza. Katika lugha yetu "kodi" ni malipo ya mpangaji kwa mwenye nyumba, tena ni malipo ya raia kwa serikali. Ili kuepuka utata, hapa tutasema "pango" kwa maana ya kwanza, na "kodi" kwa maana ya pili tu.

1. NJIA MBILI ZA KUPIMA NYUMBA

Mashine ya kiwanda hununuliwa, hutumika, huchakaa, na mwisho hutupwa. Kwa hiyo mhasibu hupunguza thamani yake kidogo kidogo kila mwaka, na upungufu huo, yaani uchakavu, huhesabiwa kuwa gharama. Lakini nyumba iliyojengwa vizuri na kutunzwa huweza kupanda thamani baada ya miaka thelathini, hasa kwa sababu ya kiwanja kilicho chini yake. Hapo ndipo njia za wahasibu zinapoachana.

Njia ya kwanza, ambayo hutumika Marekani, ni kuandika nyumba kwa gharama yake ya awali na kutoa uchakavu kila mwaka. Njia ya pili imeruhusiwa na Kanuni ya Kimataifa ya Uhasibu namba 40, iliyoanza kutumika mwaka 2001. Nyumba za kupangisha hukadiriwa upya kwa thamani ya soko, na badiliko lolote la thamani huingizwa moja kwa moja katika hesabu ya faida na hasara ya mwaka. Kanuni hiyo huiruhusu pia kampuni kubaki na gharama ya awali, mradi itaje thamani ya soko pembeni. Kampuni kubwa za nyumba za Ulaya kwa kawaida hufuata njia ya thamani ya soko.

2. MFANO WA HESABU

Mwalimu anaweza kuandika mfano huu ubaoni. Tuchukue kampuni ya kubuni yenye nyumba 100, kila moja ikiletea pango la euro 1,000 kwa mwezi.

Pango la mwaka: 1,200,000
Toa matengenezo na usimamizi: 400,000
Pango halisi: 800,000
Toa riba ya mkopo wa 8,000,000 kwa asilimia 3: 240,000
Baki: 560,000

Thamani ya nyumba hizi sokoni ni kiasi gani? Mnunuzi hujiuliza anataka mapato ya asilimia ngapi kwa fedha zake. Akiridhika na asilimia 4, atalipa 800,000 ÷ 0.04, yaani euro 20,000,000. Sasa riba za benki zikipanda, mnunuzi huyo atadai zaidi, tuseme asilimia 5. Thamani inakuwa 800,000 ÷ 0.05, yaani euro 16,000,000. Hakuna tofali lililoanguka wala mpangaji aliyehama, lakini euro 4,000,000 zimetoweka katika vitabu.

Kwa njia ya thamani ya soko, matokeo ya mwaka ni 560,000 kutoa 4,000,000, yaani hasara ya 3,440,000. Kwa njia ya gharama ya awali, tuseme majengo yaligharimu 12,000,000 na yatadumu miaka 40, basi uchakavu wa mwaka ni 300,000, na kampuni ina faida ya 260,000. Kampuni ni ile ile, mwaka ni ule ule, na hesabu zote mbili zimefuata sheria. Mwenye hisa anayetaka kulinganisha kampuni ya Chicago na ya Berlin atashika tama.

3. VIPIMO VYA PAMOJA

Marekani ilikutana na tatizo hili mapema. Sheria ya mwaka 1960 iliruhusu mifuko ya uwekezaji katika majengo, na leo mifuko hiyo hutakiwa kugawa kwa wenye hisa angalau asilimia 90 ya mapato yanayotozwa kodi. Faida iliyokwisha kupunguzwa na uchakavu haikuonyesha vema uwezo wa mfuko kugawa fedha. Mwaka 1991 chama cha mifuko hiyo, Nareit, kikatoa kipimo cha "fedha zitokanazo na uendeshaji", kinachojulikana kwa herufi FFO. Kwa ufupi, chukua faida ya mwaka, rudisha uchakavu wa majengo, kisha ondoa faida au hasara iliyotokana na kuuza majengo.

Ulaya nayo ina chama cha kampuni za majengo zenye hisa sokoni, EPRA, kilichoundwa mwaka 1999. Chama hiki hutoa mapendekezo ya utoaji taarifa. Si sheria ya nchi, lakini kampuni nyingi huyafuata. Kipimo chake cha mapato huondoa mabadiliko ya thamani ya nyumba pamoja na faida ya mauzo.

Turudi ubaoni. Kwa njia ya Kimarekani: 260,000 jumlisha uchakavu wa 300,000 ni 560,000. Kwa njia ya Kiulaya: hasara ya 3,440,000, rudisha 4,000,000, ni 560,000. Njia mbili zilizoachana sasa zimekutana, na tarakimu iliyopatikana ndiyo ile tuliyoiona mwanzoni baada ya kulipa riba. Hii ndiyo kazi ya kipimo cha pamoja.

EPRA hupendekeza vipimo vingine pia. Tutaje viwili.

(a) Thamani halisi ya mali, yaani mali kutoa madeni. Katika mfano wetu ilikuwa 20,000,000 kutoa 8,000,000, sawa na 12,000,000. Sasa ni 8,000,000. Kama kuna hisa milioni moja, kila hisa imeshuka kutoka euro 12 hadi 8. Mwaka 2019 EPRA iligawa kipimo hiki katika sura tatu: moja huuliza ingegharimu kiasi gani kuijenga upya kampuni kama ile, ya pili hudhani kampuni inaendelea kununua na kuuza mali, ya tatu huuliza kingebaki nini iwapo mali zote zingeuzwa na madeni kulipwa.

(b) Kiwango cha nyumba tupu. Hapa hatuhesabu milango, tunahesabu pango. Ikiwa nyumba 4 kati ya 100 ni tupu, mtu atasema asilimia 4. Lakini ikiwa hizo nne ni kubwa, na kila moja ingeleta 1,500, basi pango linalokosekana ni 6,000 kati ya 100,000 ambazo soko lingeweza kulipa kwa nyumba zote, yaani asilimia 6.

4. HASARA YA KARATASI YENYE MENO

Mwanafunzi asiharakishe kusema kwamba badiliko la thamani ni mambo ya karatasi tu. Kabla ya thamani kushuka, mkopo wetu wa milioni 8 ulikuwa asilimia 40 ya thamani ya nyumba. Baada ya kushuka ni asilimia 50, ingawa kampuni haikukopa hata senti. Mikataba ya mikopo huweka ukomo wa uwiano huu, na anayekaribia ukomo hukopeshwa kwa masharti magumu.

Ndivyo ilivyokuwa Ujerumani. Kuanzia Julai 2022 hadi Septemba 2023 Benki Kuu ya Ulaya ilipandisha riba yake ya amana kutoka asilimia 0.5 chini ya sifuri hadi asilimia 4. Thamani za nyumba zikashuka. Vonovia ilipunguza gawio kutoka euro 1.66 kwa hisa kwa mwaka 2021 hadi 0.85 kwa mwaka 2022, ikauza baadhi ya mali zake, na mwanzoni mwa 2023 ikatangaza kwamba mwaka huo haitaanza ujenzi mpya, kwa kuwa riba na gharama za ujenzi zilikuwa zimepanda mno. Mtu aliyesoma kipimo cha uendeshaji peke yake asingeona hatari hiyo ikija. Na aliyesoma hasara peke yake angedhani kampuni imefilisika.

5. PALIPO NA MWANYA

Kipimo cha pamoja hakifungi milango yote. Kampuni ikiziba paa linalovuja, ni matengenezo, na mapato ya mwaka hupungua. Ikiandika kwamba ni uboreshaji, gharama huongezwa kwenye thamani ya jengo, na FFO haiguswi. Tuseme euro 160,000 zimeandikwa hivyo: karatasi itasema 560,000, lakini fedha zilizobaki mkononi ni 400,000. Kwa hiyo wachambuzi makini huondoa pia gharama za kulitunza jengo katika hali yake, na EPRA hutaka kampuni ichanganue matumizi hayo waziwazi.

Kwa mpangaji mpaka huu una uzito wake. Sheria ya Ujerumani humruhusu mwenye nyumba kuongeza kwenye pango la mwaka asilimia 8 ya gharama za uboreshaji, ndani ya ukomo maalumu. Kabla ya 2019 ilikuwa asilimia 11. Gharama za matengenezo haziruhusiwi kuongezwa. Basi neno moja katika daftari huweza kumgusa mwenye hisa na mpangaji pia.

6. UHUSIANO NA NCHI ZETU

Kenya ilianza kutumia kanuni za kimataifa za uhasibu mwaka 1999, na Tanzania mwaka 2004. Kwa hiyo kanuni namba 40 ni yetu pia. Kanuni za Kenya za mwaka 2013 juu ya mifuko ya majengo huutaka mfuko wa kupangisha ugawe angalau asilimia 80 ya mapato yake halisi baada ya kodi. Anayesoma taarifa ya mfuko wa namna hii aulize kwanza: katika faida hii, sehemu gani imelipwa na wapangaji, na sehemu gani ni makisio ya mthamini? Sehemu ya kwanza huweza kugawanywa. Ya pili ingali imo ndani ya kuta.

MASWALI

1. Katika mfano wetu, mnunuzi akiridhika na asilimia 3.2, thamani ya nyumba itakuwa kiasi gani? Tafuta faida ya mwaka kwa njia ya thamani ya soko ukianzia 20,000,000, kisha tafuta mapato ya uendeshaji. Je, kampuni inaweza kugawa faida yote hiyo?

2. Mkopo wa 8,000,000 umekwisha muda, na mkopo mpya una riba ya asilimia 5. Onyesha kwamba mapato ya uendeshaji yatashuka hadi 400,000. Eleza kwa nini athari hii huchelewa kuliko kushuka kwa thamani.

3. Jadilini darasani: kubadilisha madirisha mabovu kwa madirisha mapya yanayozuia baridi zaidi ni matengenezo au uboreshaji? Nani hunufaika na kila jibu?