UNAUZA MAZIWA YA NYUKI? SOMA KABLA HUJAANDIKA "INATIBU"

Wadau, naona maziwa ya nyuki yameanza kushika kasi kwenye magrupu, yale ambayo kopo linaandikwa Royal Jelly. Na matangazo ni yale yale: inatibu kisukari, presha, uzazi, nguvu za kiume. Tuijue bidhaa kwanza.

Hii siyo asali. Nyuki vibarua wachanga wanaitoa kwenye tezi za kichwani kulisha mabuu. Mabuu wote wanaipata kama siku tatu za mwanzo, ila atakayekuwa malkia anaendelea nayo maisha yake yote. Ndiyo hapo wauzaji wanaposema malkia anaishi miaka na kibarua wiki chache, basi na wewe kula. Stori tamu, lakini mteja wako siyo nyuki.

Sasa piga hesabu. Chumba kimoja cha malkia kinatoa kama robo gramu. Kilo moja ni vyumba kama elfu nne! Inataka mizinga ya fremu na mtu wa kuhamisha mabuu mmoja mmoja kwa mkono. Huku kwetu Kiruruma mzinga wa asili wa juu ya mti utakupa asali na nta, maziwa ya kuuza hapana. Kwa hiyo mtu akikuletea dumu zima la "hapa hapa kijijini" kwa bei ya asali, muulize ameyavunaje. China ndiyo inaongoza duniani kwa kuzalisha, na kama kopo lako limetoka huko siyo kosa, ila usiandike "ya Karagwe".

Yakiwa mabichi ni kama krimu, machachu. Theluthi mbili hivi ni maji tu, yanataka friji muda wote. Kuyatuma Dar kwa basi bila barafu ni kutupa hela. Anayeanza auze kapsuli za unga uliokaushwa, hazina presha hiyo.

Turudi kwenye "inatibu". Mwaka 2011 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilipitia madai ya afya ya bidhaa hii, ikasema hayajathibitishwa. Tafiti ndogo ndogo zipo, lakini hazikupi ruhusa ya kumwambia mtu aache vidonge vyake vya sukari. Na hapa nchini ukishasema kitu kinatibu, umekigeuza dawa: utaulizwa na TMDA, au Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Ukikiuza kama chakula, ni mambo ya TBS.

Kubwa zaidi ni aleji. Mwenye pumu, au anayedhurika na nyuki au chavua, anaweza kubanwa kifua ghafla. Australia miaka ya 1990 viliripotiwa hadi vifo. Pia imeripotiwa mgonjwa anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, kutokwa damu baada ya kuyatumia. Kwa hiyo kabla ya kupokea hela uliza maswali mawili: una pumu au aleji? Kuna dawa unatumia kila siku?

Kuna dada aliniandikia anataka kopo mbili za mama yake mwenye pumu. Nilimjibu hivi, nakili kama unataka: "Dada, pole kwa mama. Hii ni lishe, siyo dawa ya pumu, na kwa mwenye pumu inaweza kuleta shida. Siwezi kukuuzia kwa ajili yake. Muulizeni daktari wake kwanza." Biashara ilikufa pale pale, ndiyo. Ila fikiria kopo lingefika, mama abanwe usiku, na namba iliyopo kwenye simu ya yule dada ni yako.

Tangazo lako liseme hivi: maziwa ya nyuki, kapsuli ngapi, yametoka wapi, yanaisha muda lini, wenye pumu na aleji wasitumie. Na bei iandike hapo hapo, habari za "njoo inboksi" zinachosha watu.