Andika Kabla ya Kushuka

Kutoka sokoni Kiboriloni hadi Kidia, Old Moshi, ni kama kilometa 10, na karibu zote ni za kupanda. Ukiwa na baiskeli ya gia na miguu ya kawaida, utafika. Swali ni utarudi na nini. Wengi hurudi na picha 80 za mlima na sentensi moja: "Ilikuwa safari nzuri sana." Fuata haya, nawe utarudi na kitu cha kuandika.

Anza na safari ya siku moja. Kuzunguka mlima kwa kupitia Himo, Mwika na Tarakea kutakuja baadaye. Safari fupi ina faida moja kubwa: unaweza kuirudia. Na kurudia ndiko kunakomfunza mtu kuandika.

Toka saa kumi na mbili asubuhi. Saa hiyo Kibo, kilele cha Kilimanjaro, huwa wazi, na jua likipanda kidogo tu, mawingu yanafunika. Simama, utazame mlima mpaka ushibe, kisha uuache. Nakuambia kwa nia njema: mlima ndio mtego mkubwa wa mwandishi wa huku. Zile mita 5,895 zimeandikwa mno tangu Hans Meyer na Ludwig Purtscheller wafike kileleni Oktoba 1889. Kisichoandikwa ni ile kona ya barabara unapopishana na akina mama wanaoshuka sokoni na mikungu ya ndizi kichwani. Andika kona hiyo.

Baiskeli mpelekee fundi siku mbili kabla, usingoje usiku wa kuamkia safari. Mwambie aanze na breki, gia baadaye. Ukichoka kupanda, unashuka na kusukuma. Breki zikikufia kwenye mteremko wa Old Moshi, huna la kufanya. Beba tyubu ya akiba, pampu, spana, viraka na solusheni. Maji lita moja na nusu. Ndizi kisukari nne zinatosha mpaka juu, na huko utapata nyingine.

Daftari liwe dogo, la kuingia mfuko wa shati. Ulifunge kwa nailoni. Tumia penseli: wino ukikutana na mvua ya masika au jasho la kifuani, maneno yote yanakuwa doa. Na usiliweke kwenye begi la mgongoni. Daftari la kufungulia zipu mbili huliandiki. Utajiambia "nitakumbuka" na kuendelea kukanyaga pedeli.

Sasa kazi yenyewe. Kila unapoweka mguu chini, andika jina moja na kauli moja. Jina la mahali, la mto, la mti, la aina ya ndizi. Kauli ni maneno aliyoyasema mtu, vilevile alivyoyasema. Basi. "Mandhari ya kuvutia" achana nayo, na ulivyojisikia achana nako. Ukisoma jina na kauli baada ya miezi sita, hisia zitarudi zenyewe. Lakini hisia peke yake hazitakurudishia jina la mtu wala la mto. Jambo hili lilinichukua miaka kulielewa, na kuna safari nzuri nilizozipoteza kwa sababu hiyo.

Kwenye daftari langu la zamani kuna ukurasa wenye mstari mmoja tu: "Mfongo mkavu. 'Zamu yetu kesho.'" Hakuna kingine. Nikiusoma, namwona mzee mwenye jembe begani, kivuli cha migomba, na matope yaliyoanza kupasuka kwenye ule mfereji. Mifongo ndiyo iliyochukua maji ya vijito vya mlimani na kuyafikisha kwenye vihamba, yaani mashamba ya nyumbani, ukoo kwa ukoo, kwa zamu. Kauli ile ya maneno matatu ilinipa makala nzima kuhusu kungoja maji. Ningeandika "mashamba yamekauka", nisingepata kitu.

Kauli hazipatikani ukiwa juu ya kiti. Shuka kwenye baiskeli kabla ya kumwamkia mzee. Shikamoo ya kupita mbio itajibiwa, na mambo yataishia hapo. Shuka, shika usukani, toa shikamoo, ngoja marahaba. Kisha uliza swali dogo: hapa panaitwaje, na jina limetoka wapi? Huku Uchagani swali hilo hufungua milango. Ukikaribishwa maji au ndizi, pokea kwa mikono miwili na useme "aika mbe", yaani asante. Ukitaka kuandika maneno ya mtu, mwombe ruhusa. Hujapata kuona mzee akikataa? Mimi nimeona, mara mbili, na nilifunga daftari.

Ukifika Tsuduni, punguza mwendo. Hapa uko kwenye ardhi ya chifu, Mangi Meli, aliyepigana na Wajerumani na wakamnyonga pamoja na viongozi wenzake tarehe 2 Machi 1900. Wajukuu zake wametumia miaka mingi kulitafuta fuvu la kichwa chake huko Ujerumani. Mahali kama hapa mwandishi wa safari hukosea kwa namna mbili. Wa kwanza hupita tu kwa sababu anawahi Kidia. Wa pili husimama, akamwuliza mpita njia mwaka na idadi ya waliokufa, akaandika chochote alichoambiwa.

Fanya hivi: tarehe zichukue vitabuni ukirudi nyumbani. Kwa watu chukua kile ambacho kitabu hakina. Uliza: bibi yako alikuwa akilisimuliaje jambo hili? Alikuwa akilisema kwa sauti gani, ya juu au ya chini? Watoto mlikatazwa kufanya nini karibu na pale? Majibu ya hapo huyapati kwenye maktaba yoyote ya Berlin. Na ukiambiwa "sijui, wazee hawakupenda kulizungumza", andika hilo pia, neno kwa neno. Kunyamaza kwa wazee ni sehemu ya kumbukumbu, na hakuna atakayeiandika usipoiandika wewe.

Ukimaliza kupanda, usigeuze baiskeli kwanza. Hapa ndipo penye kanuni ninayoishika kuliko zote: andika kabla ya kushuka.

Kupanda kunakwenda polepole. Unaona kila mti wa kahawa, kila lango, kila mmea wa sale uliopandwa mpakani. Kushuka ni upepo masikioni, macho kwenye mashimo, vidole kwenye breki. Akili yote inahamia kwenye kubaki hai, kama inavyopaswa. Ukifika chini, mwili unakumbuka mteremko peke yake, na yale ya kupanda yamefunikwa.

Mwaka mmoja nilishuka kutoka Kidia nikiwa nimejaa. Nilikutana na mama mmoja karibu na kanisa, akanieleza jinsi walivyokuwa wakibeba kahawa kichwani kuipeleka kwenye chama cha ushirika, yeye akiwa binti wa miaka kumi. Alinitajia hata wimbo waliouimba njiani. Nikasema nitaandika nikifika chini. Njiani nikapata pancha, nikaziba, nikafika Kiboriloni kwenye kelele za soko la mitumba, nikala, nikapiga soga na fundi. Usiku nilipofungua daftari, nilikuwa na pancha na chakula. Wimbo ulikuwa umekwenda. Nilirudi baada ya miezi kadhaa kumtafuta yule mama, nikaambiwa amehamia kwa mwanawe Dar es Salaam. Tangu siku ile, nikifika juu nakaa chini dakika 20 na penseli, hata mvua ikitisha.

Jioni una kazi moja zaidi, na ina adui mmoja: simulizi. Usimsimulie mtu safari yako kabla hujaiandika. Nasema hivi nikijua ilivyo ngumu, kwa sababu ukifika nyumbani watu wanakungoja na wanataka habari. Lakini ukisimulia, watu watacheka mahali fulani. Kesho utasimulia tena, na utaparefusha mahali pale walipocheka. Baada ya wiki utakuwa unakumbuka simulizi yako, safari yenyewe imeshapotea. Waambie, "Nipeni nusu saa." Andika, kisha toka ukakae nao mpaka usiku.

Kanuni hii ya kuandika mapema ina walimu wake. Dervla Murphy, mwanamke wa Ireland aliyekwenda kwa baiskeli kutoka kwao hadi India mwaka 1963, aliandika shajara njiani na kuituma kwa marafiki nyumbani, na shajara hiyo ndiyo iliyozaa kitabu chake cha kwanza. Miaka ya tisini mwanzoni alipiga pedeli kutoka Kenya hadi Zimbabwe akipitia kwetu Tanzania, akiwa ameshavuka miaka 60.

Lakini huna haja ya kwenda Ireland kutafuta walimu. Marangu hapo, Nathaniel Mtui alijaza madaftari tisa ya historia ya Wachagga kati ya 1913 na 1916, na watafiti bado wanayategemea. Na Selim bin Abakari alikwisha kuandika kwa Kiswahili safari yake ya Urusi na Siberia ya mwaka 1896. Carl Velten akaichapisha mwaka 1901 ndani ya *Safari za Wasuaheli*. Kitafute kitabu hicho. Utaona Kiswahili kinavyoweza kusafiri mbali bila kuomba msaada wa lugha nyingine.

Picha? Piga, ila kidogo. Piga vibao: cha shule, cha zahanati, cha duka, cha kijiji. Simu huweka saa kwenye kila picha, kwa hiyo ukirudi utajua kipi kilitangulia kipi. Tambo la mlima tayari unalo kwenye kalenda ya ukutani.

Ukianza kuandika makala yenyewe, usianze na kuamka. "Niliamka alfajiri, nikaoga, nikanywa chai" ipe likizo. Anza mahali ulipoweka mguu chini kwa mara ya kwanza, kwa jina na kauli uliyoandika hapo. Msomaji atajua tu kwamba uliamka. Andika kwa Kiswahili unachokizungumza, na maneno ya Kichagga uliyoyasikia yaache yalivyo: mfongo ni mfongo, kihamba ni kihamba. Yaeleze mara moja, kisha endelea nayo.

Ukimaliza rasimu, ifungie wiki tatu. Halafu fanya jambo ambalo waandishi wengi hawalifanyi: panda tena. Njia ileile, rasimu mfukoni. Mimi niliandika daraja la mbao lililonitetemesha. Nilipolipita tena lilikuwa la zege, na lilikuwa la zege siku ile pia. Lile la mbao lilikuwa la utotoni kwetu. Kosa lile lilikuwa na thamani kwangu, kwa sababu nilifuta daraja na kuandika jinsi kumbukumbu mbili zilivyoingiliana. Aya hiyo ndiyo bora kwenye makala ile.

Ukipita kwa mtu uliyemnukuu, shuka kwenye baiskeli, amkia, na umsomee maneno yake. Soma polepole. Atakuzuia mahali fulani: "Hapana, sikusema hivyo," au "Hilo sawa, ila umesahau la ng'ombe." Usibishane. Toa penseli uandike la ng'ombe hapohapo, ukiwa bado juu.