Bibi na Bwana: Tusome Nembo ya Taifa



Leo hatusomi herufi, tunasoma picha. Chukua noti, au cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Tafuta pale penye mume na mke waliosimama huku na huku ya ngao, wameshika pembe za ndovu. Hiyo ndiyo Nembo ya Taifa la Tanzania. Wengi wetu tunaiita Bibi na Bwana.

Anza juu ya ngao, ushuke polepole kama unavyosoma ukurasa. Juu pana rangi ya dhahabu, yaani madini yetu, na ndani yake mwenge unawaka. Kisha bendera. Halafu rangi nyekundu: huo ni udongo wetu wenye rutuba. Hapo jembe na shoka vimepishana, vyombo vya kazi hivyo, na mkuki umesimama wima kulinda uhuru. Mawimbi ya chini ni bahari na maziwa. Ngao yenyewe iko juu ya mlima Kilimanjaro. Maneno ya chini utayasoma mwenyewe: UHURU NA UMOJA.

Sasa tazama miguuni. Hapa wengi hupita bila kuona. Miguuni pa mume pana mkarafuu, miguuni pa mke pana mpamba. Mwaka 1961 nembo ilikuwa ya Tanganyika peke yake, na pale penye mkarafuu palikuwa na mkahawa. Aprili 26, 1964 Tanganyika na Zanzibar zikaungana. Mkahawa ukatolewa, ukawekwa mkarafuu wa Unguja na Pemba. Bendera ndani ya ngao nayo ikabadilika. Basi mtoto akikuuliza Muungano uko wapi katika picha, mwonyeshe kichaka kile. (Wakulima wa kahawa msione vibaya, sokoni bado mpo!)

Kwa nini tusumbuke na haya? Mwaka juzi mtu mmoja alifika kwetu na karatasi yenye nembo, akachangisha fedha za kupimiwa mashamba. Tuliona Bibi na Bwana, tukaamini, tukatoa. Hakurudi tena. Karatasi ile haikuwa na jina la ofisi, tarehe wala saini. Sheria ya mwaka 1971 inakataza kutumia nembo bila ruhusa, lakini mashine ya kunakili haiulizi ruhusa.

Zoezi la kikundi: leteni karatasi moja ya serikali. Someni chini ya nembo. Imetoka ofisi gani? Siku gani? Nani katia saini?