Boxer imenifundisha, sasa nataka ya spoti

SWALI: Kaka fundi, nakaa Nyegezi, nina mwaka mmoja kwenye Boxer 150. Nimeona Yamaha R6 iliyotumika, bei inavutia. Ninunue?

JIBU: Mdogo wangu, usiinunue. Boxer yako ina nguvu za farasi kama 12 tu. R6, yenye cc 599, inapita 100. Kosa dogo la mkono kwenye mafuta, ambalo Boxer hulisamehe, R6 itakurusha kabla hujajua umekosea nini. Bei yenyewe ni chambo: siku ukiulizia vipuri vyake hapa Mwanza ndipo utajua kwa nini mwenyewe anaiuza.

Anza na Yamaha R15 ya cc 155, au ukizidi sana Kawasaki Ninja 300. R15 ina kilo 140 hivi. Ikikulalia kwenye mchanga utainyanyua peke yako. Hata hivyo, pikipiki hizi zina tumbo chini. Matuta ya kuelekea Buhongwa na njia za mawe za kupanda vilimani zitaparua plastiki zake, kwa hiyo ukiishi juu huko, fikiria TVS Apache. Haina sura ya mbio sana, lakini inapita.

Yoyote utakayochagua, ikalie kwanza: nyayo zako ziguse chini. Kagua kama uma za mbele zinavuja oili. Tafuta yenye breki za ABS. Na leseni yako ikiwa ni A1, inaishia cc 125. Hata hiyo Boxer inahitaji daraja A. Kalishughulikie hilo wiki hii.