HESABU YA KOROSHO KUTOKA SHAMBANI HATA GHALANI

Kazi ya korosho haikomi siku ile unapookota ya mwisho. Ikisha kuanikwa, korosho bado ina safari ya kupita mizani ya chama, ghala la chama, gari, ghala kuu, mnada na benki kabla ya fedha kukufikia. Katika safari hiyo kilo hupimwa na kuandikwa zaidi ya mara moja. Wakulima wengi huanza kuuliza habari za kilo zao siku ya malipo, nayo ndiyo siku mbaya kuliko zote ya kuanza kuuliza.

SHERIA INATAKA NINI

Ziko sheria mbili za kujua: Sheria ya Stakabadhi za Ghala Na. 10 ya mwaka 2005, na Sheria ya Tasnia ya Korosho ya mwaka 2009. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulianza kutumika kwa korosho mkoani Mtwara katika msimu wa 2007/2008, kisha ukaenea katika mikoa mingine ya korosho. Wewe hupeleka korosho ghafi kwenye chama chako cha msingi. Chama huzikusanya na kuzipeleka ghala kuu lenye leseni. Mwenye ghala huzipima tena, hutazama daraja lake, na hutoa stakabadhi. Korosho huuzwa mnadani zikiwa humo humo ghalani. Tangu msimu wa 2024/2025 mnada huendeshwa kwa njia ya mtandao wa Soko la Bidhaa Tanzania. Mnunuzi akisha kulipa, chama hukulipa wewe kwa njia ya benki.

Mwenye ghala amepewa leseni kwa sharti la kuweza kuonyesha kila kilo iliyoingia na kila kilo iliyotoka. Chama nacho hudaiwa hivyo hivyo na wanachama wake. Basi tazama: ghala lina vitabu, chama kina vitabu, mnunuzi ana vitabu. Ikiwa wewe huna kitu, siku hesabu zisipolingana utaamuliwa kwa vitabu vya watu wengine.

DAFTARI LA SHAMBA

Nunua daftari moja gumu kwa ajili ya korosho tu. Usichanganye na madeni ya dukani wala hesabu za shule za watoto.

Katika ukurasa wa kwanza andika shamba lilipo, ukubwa wake, na idadi ya mikorosho. Idadi uipate kwa kutembea na kuhesabu, usikisie. Mikorosho ikiwa imepandwa kwa nafasi ya meta 12 kwa 12, ekari moja hubeba miti 28 hivi; lakini mashamba mengi ya zamani hayakupandwa kwa kamba, kwa hiyo hesabu mti kwa mti. Andika mbali miti inayozaa na ile ambayo bado michanga. Hakikisha idadi uliyoandikisha kwenye daftari la wakulima la serikali ni ile ile. Kama umekata mikorosho mizee au umeongeza mipya, nenda ukaombe kurekebishiwa mapema, maana pembejeo za ruzuku hugawiwa kwa kufuata usajili huo.

Kurasa zinazofuata ni za kazi za mwaka: palizi, tarehe ya kupulizia salfa na kiasi ulichotumia, na mambo yaliyolipata shamba. Ubwiri unga ukishambulia maua, andika tarehe na sehemu ya shamba iliyoathirika. Huenda ukaona hayo hayahusiani na ghala. Yanahusiana sana. Tuseme una mikorosho 76 inayozaa, na kwa misimu miwili umepata kilo 700 na kilo 736. Msimu wa tatu ukapata kilo 410 tu. Mtu asiyejua atadhani kilo 300 umeziuza njia za panya. Daftari lenye habari za ubwiri litakujibia.

UNYEVU NA UZITO

Ugomvi mwingi wa mizani hautoki kwenye wizi, hutoka kwenye maji. Korosho iliyookotwa karibuni ina unyevu mwingi, na maji hayo yana uzito. Gunia la kilo 80 lenye unyevu wa asilimia 14, likikauka hata kufikia asilimia 9, hubaki kilo 75 na nusu hivi. Magunia kumi yatapungua kilo 44, wala hapana aliyegusa hata punje moja.

Kwa hiyo anika kwanza, kisha ndipo upime. Anika juani kwa siku mbili au tatu, juu ya mkeka, turubai au sakafu safi, huku ukigeuza mara kwa mara. Chagua na kutoa zilizooza, zisizojaa na zenye mabaki ya bibo. Korosho iliyokauka vizuri hulia kama kokoto ukiitikisa mkononi, na ganda lake haliingii kucha. Ukiipeleka mbichi, itakataliwa au kushushwa daraja; na ikipokelewa kwa bahati, itanyaukia ghalani na chama chote kitabeba upungufu.

Tumia magunia ya juti. Viroba vya plastiki huzuia hewa, korosho hutoa jasho na kuota ukungu.

SIKU YA MIZANI

Pima nyumbani kabla ya kwenda, hata kama ni kwa mizani ya kuning'iniza ya kuazima kwa jirani. Andika idadi ya magunia na kilo za kila gunia. Ukifika chamani, fanya haya bila haya:

Tazama mshale wa mizani umesimama kwenye sifuri kabla gunia halijawekwa. Dai gunia tupu lipimwe, ili ujue ni kiasi gani kinachotolewa. Soma uzito mwenyewe. Kama macho hayaoni vizuri, nenda na mtoto aliyesoma. Kisha chukua stakabadhi yako hapo hapo, na usiondoke mpaka uone imeandikwa jina lako kamili kama lilivyo benki, namba yako ya mkulima, tarehe, idadi ya magunia, kilo halisi na daraja. Karani akikuambia uache mzigo urudi kesho kuchukua karatasi, mjibu kwa adabu kwamba utangoja. Umewangoja mikorosho miaka mitatu izae. Saa mbili hazitakushinda.

Jioni hiyo hiyo hamishia kwenye daftari. Kwa mfano: 14 Oktoba, magunia 3, nyumbani kilo 238, chamani kilo 236, magunia matupu kilo 3, kilo halisi 233, daraja la kwanza, na namba ya stakabadhi. Tofauti ya kilo moja au mbili kati ya mizani miwili ni kawaida. Ikiwa kila safari unapungukiwa kilo sita au saba kwa magunia matatu, sema siku hiyo hiyo, mzigo ungali mbele yenu.

YALIYOTOKEA MWAKA 2018

Mwezi wa Oktoba 2018 wakulima wa Newala na Tandahimba walikataa bei za mnada. Tarehe 12 Novemba serikali ilitangaza kwamba itanunua korosho yote yenyewe kwa shilingi 3,300 kila kilo. Lakini kabla ya kulipa ilifanya uhakiki, kwa kuwa ilijulikana kwamba ndani ya maghala mlikuwamo korosho za kangomba, yaani zile zilizonunuliwa vijijini kwa vibaba nje ya chama. Aliyekuwa na zaidi ya kilo 1,500 alitakiwa kuonyesha shamba zilikotoka. Malipo yaliendelea hata ndani ya mwaka 2019, na wengi walipita miezi ya njaa wakingoja.

Uhakiki wa namna hiyo ni hesabu rahisi ya kugawanya: kilo zilizoandikwa kwa jina lako, kwa idadi ya miti yako. Yule mwenye mikorosho 76 akiwa na kilo 736, kila mti umetoa chini kidogo ya kilo 10, na hapana wa kumshangaa. Akiwa na kilo 2,600, kila mti umetoa kilo 34. Hapo ataulizwa, na hatakuwa na la kujibu.

Ndiyo maana usiazimishe jina lako. Mnunuzi wa kangomba huja kwa maneno matamu: atapitisha magunia kumi kwa namba yako, nawe upate fungu. Kilo zake zikishikwa, zako nazo zimeshikwa, kwa kuwa kitabuni ni mtu mmoja. Na usimwuzie kwa kibaba wakati wa njaa. Anajua bei ya mnada kuliko wewe.

HESABU ZISIPOLINGANA

Malipo yakitoka, jumlisha kilo za stakabadhi zako zote, zidisha kwa bei ya mnada wenu, kisha toa makato. Chama hupaswa kuwasomea wanachama bei na kila kato kwa jina lake. Hudhuria mkutano huo na daftari mkononi. Pakiwa na tofauti, anza kwa karani, kisha bodi ya chama. Wasipokujibu, mwone Afisa Ushirika wa wilaya, ukimpelekea nakala za stakabadhi. Asili usizitoe mkononi mwako.

Weka daftari na stakabadhi ndani ya kopo lenye mfuniko, mbali na panya na mchwa, na usitupe za misimu iliyopita. Mwenye simu azipige picha pia. Kama hujaanza, anza na ukurasa wa kwanza wiki hii: shika kijiti cha chokaa, pita shambani, tia alama kila mkorosho unaouhesabu usije ukauhesabu mara mbili.