Je, Mungu amenuna?

Swali: Mchungaji, naimba kwaya, niko kamati ya ujenzi, zaka sijawahi kuruka. Juzi nimeugua, nikakosa ibada Jumapili tatu, nikahisi Mungu ameninunia. Nimekosea wapi?

Jibu: Pole kwa kuugua, mwanangu. Kwaya haina kosa. Tazama mpangilio wa Waefeso 2: neema iko mstari wa 8, matendo mema mstari wa 10. Yapo, ila yanafuata nyuma. Wewe umeyatanguliza, ndiyo maana ulipolala kitandani uliona huna cha kumpelekea Mungu. Kana kwamba alikuwa anakudai!

Na kuhusu zaka, katika Mathayo 23:23 Yesu anawakemea waliotoa zaka hata ya mnanaa, bizari na jira, viungo vya kupima kwa vidole, huku wakiacha haki, rehema na imani. Hakuwakataza zaka (wahazini wetu wapumue), alisema hayo makuu iliwapasa kuyafanya, bila kuiacha zaka.

Jumapili ijayo usivae joho. Kaa benchi la nyuma, usikilize tu. Mwalimu wa kwaya akinung'unika, mwambie ni mimi niliyekutuma.